Ugonjwa wa Ukoo si Laana

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa wahudumu wa afya wa sharika)

Ndugu wahudumu, nimeombwa niseme juu ya magonjwa ya kurithi. Nianze na jambo jepesi, yaani usingizi.

Mwaka 1971 huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer walionyesha kwamba inzi wa matunda ana kinasaba kinachoongoza saa ya mwili wake. Kikiharibika, hapambanui tena usiku na mchana, au siku yake huwa fupi au ndefu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakaeleza habari za ukoo ambao watu wake wengi hulala jioni mapema na kuamka kabla ya alfajiri. Kasoro ya kinasaba cha namna hiyo ilitoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hakuna aliyewaroga.

Sasa jambo zito. Mwaka huohuo wa 1971 Dk. Alfred Knudson wa Houston alichunguza habari za wagonjwa 48 wa retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto. Akasema saratani hii huhitaji mapigo mawili. Leo tunajua kuwa kila chembe ya mwili ina nakala mbili za kinasaba kinachozuia uvimbe huo, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amebakiza pigo moja tu; ndiyo maana huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Mzazi mwenye kasoro hiyo aweza kumrithisha kila mtoto, nusu kwa nusu. (Lakini wagonjwa walio wengi hawakurithi.)

Kijijini, watoto wawili wa mama mmoja wakiugua macho, maneno huanza: mkwe, jirani, mizimu. Wakati mchawi anatafutwa, uvimbe unaelekea ubongoni. Ukiwahiwa ungali ndani ya jicho, wengi hupona, ingawa pengine kwa kutolewa jicho. Wazazi hulikataa hilo, nami siwalaumu. Kaeni nao, wakutanisheni na mzazi ambaye mwanawe alipona.

Dalili ni mboni kung'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya flashi, au makengeza. Mama akisema jicho la mwanawe linang'aa, msimwambie arudi mwezi ujao. Afike kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Ulizeni pia kama baba au mama alitolewa jicho utotoni. Watoto wa mzazi huyo wachunguzwe tangu wiki za kwanza, hata kama macho yao yanaonekana mazima.