JE, MUNGU NI WAZO LETU TU?

Somo: Wagalatia 4:8-9

Katika somo letu Mtume Paulo anawaambia Wagalatia kwamba wamemjua Mungu. Lakini kabla hajaendelea anajisahihisha: la maana zaidi ni kwamba wao wamejulikana na Mungu. Tuyashike maneno hayo, tutayarudia.

Hapa kwetu Muhoroni, katika nyumba moja iliyo kando ya mashamba ya miwa, aliishi mama mzee aliyekuwa nguzo ya Umoja wa Akina Mama. Zaburi nyingi alizisema bila kufungua kitabu. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamshika. Kwanza yalimpotea majina ya wajukuu, halafu njia ya kwenda kanisani, mwisho hata Sala ya Bwana.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alitujia baada ya ibada. "Mchungaji," akasema, "nimesoma kwamba Mungu ni wazo tu. Kama ni hivyo, nyanya hana Mungu tena, maana wazo limemtoka. Nisaidie."

Sisi tulimjibu upesi kwamba vitabu vya namna hiyo huharibu imani, aviache. Akainamisha kichwa, akaenda zake. Jumapili tatu hatukumwona. Ndipo tulipotambua kwamba mtoto aliomba mkate nasi tukampa jiwe. Tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi, tukaazima kitabu chake, tukakisoma.

Ni kitabu cha mwana wa Nyanza, Profesa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944, akasoma Uppsala, nchi ya Sweden, na kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hata alipofariki mwaka 1995. Wako waliosema kwamba Waafrika hawana falsafa, wana mila tu. Yeye alikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, akawauliza juu ya Mungu, kifo, na wema. Mwaka 1990 akayachapisha majibu yao. Alionyesha kwamba wako wazee wanaohifadhi maneno ya mababu, na wako wanaoyapima kwa akili zao wenyewe.

Katika wazee hao wamo Wajaluo. Mzee Paul Mbuya Akoko alisema Mungu ni mmoja kwa watu wote. Sababu yake ni kwamba dunia ina utaratibu mmoja. Kama miungu ingekuwa mingi, ingegombana na maumbile yote yangevurugika. Lakini Mzee Oruka Rang'inya, baba yake profesa mwenyewe, alisema ni kosa kumfanya Mungu kuwa kama mtu. Kwake yeye Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, nalo lina faida katika maisha ya watu.

Tuwapime kwa haki, wapenzi, maana Paulo aliwaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote. Profesa ametufundisha jambo jema: imani isiyoulizwa swali ni kama nguo ya kuazima. Mzee Rang'inya naye anatuonya, kwa kuwa dini isiyozaa wema ni kelele tupu. Na Mzee Mbuya alitazama viumbe, akamwona aliye mmoja. Hata hivyo, utaratibu wa dunia hauniambii mimi na wewe kama huyo mmoja anatujua kwa jina.

Hapo ndipo swali la kijana linapouma. Wazo hukaa katika fahamu za mtu. Fahamu zikizimika, wazo nalo hutoweka humo. Tena wazo halimjui anayeliwaza. Sisi twaweza kuuwaza wema usiku kucha. Wenyewe hautatuwaza sisi hata mara moja. Hauwezi kusamehe, wala kumtafuta aliyepotea.

Wengine watasema, "Ninyi mnamtaka Mungu wa namna hiyo kwa sababu ya uchungu wenu." Ni neno la kweli kwamba kiu haithibitishi kuwa mtungi una maji. Hatujengi imani yetu juu ya kiu yetu. Twaijenga juu ya Yesu Kristo, aliyemlilia Lazaro, akamwita kwa jina lake wakati Lazaro hakuwa na fahamu yoyote ya kumwitikia. Huyo hakungoja kuwazwa na maiti. Alimjua rafiki yake, na sauti yake ikamfikia.

Basi Paulo alijisahihisha kwa sababu kubwa. Kama wokovu wetu ungesimama juu ya kumbukumbu zetu, nani angeokoka siku ya homa kali, au ya uzee? Mama yule alimsahau Mungu wake, lakini Mungu wake hakumsahau.

Tulikwenda pamoja na kijana kumpelekea nyanya yake Ushirika Mtakatifu. Hakututambua. Kijana alimshika mkono muda wote, akamwita kwa jina lake la utotoni. Tulipotoka, hakutuambia kwamba ameamini. Alisema tu, "Mchungaji, mimi nilimjua, ingawa yeye hakunijua." Tukamwambia, "Mwanangu, umesema kuliko mahubiri yetu."

Msikilizaji, je, nyumbani kwako yuko mzee aliyesahau? Mwite kwa jina lake. Yuko kijana anayeuliza? Usimfukuze, keti naye.

Tuombe. Ee Baba, uliyetujua kabla hatujakujua, uwashike wote waliosahau, utusamehe sisi tuliowafukuza wenye maswali, utufikishe siku ile tutakapokujua kama tunavyojulikana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.