Mchuma Janga Ale Alichokichuma



Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Katika siasa zetu methali hii imepinduliwa. Kiongozi huchuma janga, wananchi wakalila peke yao, naye akaenda zake na marupurupu yake na jina la Mheshimiwa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, nchi ilipata tena haki ya kuchagua miongoni mwa vyama vingi. Haki hiyo ililipiwa kwa machozi na vifungo, nasi hatuidharau hata kidogo. Lakini kura huamua nani akae na nani aondoke. Hairudishi shilingi iliyopotea, wala haimponyi aliyeumizwa. Mwanasiasa akishindwa uchaguzi amepoteza kazi tu. Hasara aliyoiacha bado iko kwa waliompa kazi hiyo.

Tazameni kashfa ya Goldenberg. Sheria iliruhusu wauzao bidhaa nchi za nje walipwe fidia ya asilimia 20. Kampuni moja ikaidhinishiwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi, na mabilioni ya shilingi yakatoka Hazina mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ripoti ya Tume ya Jaji Bosire ilitoka mwaka 2006. Muda huo wote mama wa sokoni aliendelea kulipa kodi, na dhahabu yenyewe hakuwahi kuiona.

Tazameni pia madhara ya mwili. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru Serikali iwalipe fidia watu 21 walioteswa katika jumba la Nyayo. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini fidia ya Serikali hutoka Hazina, na Hazina hujazwa kwa kodi. Basi aliyeteswa, kila anunuapo sukari, huchangia fidia yake mwenyewe, ilhali wale waliotoa amri hawakuguswa mifuko yao.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kuziba pengo hili, angalau kwa upande wa fedha. Kifungu cha 226(5) kinasema kwamba mwenye wadhifa wa umma, ukiwamo wa kisiasa, akiagiza au akiidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, atawajibika yeye binafsi kwa hasara itokanayo, na ataifidia, awe bado yumo ofisini au ameondoka. Kifungu hicho hakimwachi nje waziri, gavana wala mbunge.

Hatusemi kwamba kila uamuzi mbaya ni kosa mbele ya sheria. Kiongozi aliyefuata sheria kwa nia njema akakosea, hakimu wake ni mpiga kura. Mbunge naye ana uhuru wa kusema Bungeni bila kushtakiwa, na bila uhuru huo Bunge lingekuwa bubu. Bali aliyeidhinisha fedha kinyume cha sheria asijifiche nyuma ya kura alizopigiwa. Kuchaguliwa ni kukabidhiwa dhamana.

Je, sisi tufanye nini? Kwanza, tusome ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa fedha huisha Juni 30. Katiba inampa miezi 6 kutoa ripoti, na Bunge au bunge la kaunti miezi 3 kuijadili. Kila parokia na kila kikundi kichague watu wachache wanaojua hesabu, wawasomee wengine kwa lugha wanayoielewa.

Pili, tuulize majina. Kusema kwamba "Serikali imepoteza fedha" hakutoshi. Nani alitia sahihi? Kikao kilifanyika lini? Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Tuandike barua, na nakala tuzihifadhi.

Tatu, twende mahakamani. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki Katiba inapovunjwa, hata kwa niaba ya wasioweza kujitetea. Tuombe wazi kwamba hasara ilipwe na mhusika kutoka mfukoni mwake, si na Hazina.

Kwa nyinyi wa kanisani, mnamjua Zakayo. Hakuishia kuomba radhi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, kutoka mali yake mwenyewe. Viongozi wetu wamezoea kusimama mimbarini wakaombewa. Waombeeni, lakini wakishashuka, waulizeni watarudisha nini, na lini.