Mfuko Haukukatazi Kula: Chakula Salama kwa Anayeishi na Stoma

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wagonjwa, familia zao na wahudumu wa afya ya jamii. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimezoea kusimama mbele yenu kutangaza siku ya chanjo au barabara iliyofungwa. Leo nimeombwa nizungumze juu ya chakula. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni habari. Nitakayosema nimeyakusanya kwa wauguzi na wataalamu wa lishe, na mengine nimeyaona jikoni kwetu, kwa sababu mama yangu anaishi na mfuko tumboni.

Mama alipofanyiwa upasuaji wa utumbo, alirudi nyumbani na dawa zake na tarehe ya kliniki. Kuhusu chakula aliambiwa neno moja tu: ale kama kawaida. Alijaribu. Mfuko ukawa unajaa mchana na usiku, naye akaona haya mbele ya wajukuu. Bila kutuambia, akajitungia dawa yake mwenyewe, nayo ilikuwa kutokula. Siku ya safari hakunywa hata chai. Jumapili moja akaanguka mlangoni akijiandaa kwenda kanisani. Mdomo ulikuwa mkavu, na tangu alfajiri hakuwa amepata mkojo. Hospitalini alitundikiwa dripu, na muuguzi akatuambia kwamba chakula hakikumdhuru mama. Kilichomdhuru ni kukikimbia.

Ndiyo sababu niko hapa. Najua katika kaunti yetu wako wengine wanaojinyima chakula kwa kuogopa mfuko, na wengine wanaokula kila kitu kwa kuwa hakuna aliyewaeleza.

Kwanza, ujue stoma yako ni ya aina gani. Stoma ni tundu linalofunguliwa tumboni ili uchafu utoke na kuingia mfukoni. Likiwa limefunguliwa kutoka utumbo mpana, ni kolostomi. Likiwa limetoka utumbo mdogo, ni ileostomi. Likiwa ni la kupitisha mkojo, ni urostomi. Tofauti hii ni kubwa katika chakula. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji na chumvi kabla choo hakijatoka. Mwenye ileostomi chakula chake hakipiti huko, hivyo choo chake ni chepesi na mwili unapoteza maji na chumvi kila siku. Kama hujui yako ni ipi, uliza kliniki na uiandike mahali ambapo familia itaiona.

Majuma ya kwanza baada ya upasuaji, kwa kawaida sita hadi manane, utumbo bado umevimba. Kula vyakula laini visivyo na nyuzinyuzi nyingi: uji uliochujwa, wali, ugali laini wa unga uliokobolewa, viazi vilivyomenywa na kupondwa, mayai, samaki aliyetolewa miiba, kuku bila ngozi, ndizi mbivu. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, badala ya sahani mbili kubwa. Na tafuna! Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni.

Baada ya hapo, rudisha vyakula kimoja kimoja. Leo jaribu kijiko viwili vya sukuma wiki iliyokatwa nyembamba na kuiva vizuri. Ngoja siku mbili au tatu. Kama hakuna shida, ongeza. Kikikusumbua, kiache, ukijaribu tena baada ya majuma machache. Usibadilishe vyakula vitatu kwa siku moja, maana hutajua kilichokuletea taabu. Mama alinunua daftari la shule akawa anaandika: alichokula, saa ngapi, mfuko ulifanya nini. Daftari hilo lilimsaidia daktari kuliko maelezo yetu sote.

Sasa niseme juu ya hatari kubwa kwa mwenye ileostomi: kuziba. Kuna vyakula ambavyo havisagiki vizuri, na vikikusanyana huziba njia. Hapa kwetu ni mahindi ya kuchoma, githeri, bisi, karanga na korosho, nazi iliyokunwa, uyoga, nanasi, embe lenye nyuzi, ngozi za machungwa ya ndani, kachumbari, na miwa ikiwa mtu atameza makapi. Muhogo nao una uzi mgumu katikati. Utoe kabla ya kupika.

Hii haina maana kwamba ladha ya nyumbani imekwisha. Tui la nazi lililochujwa vizuri halina machicha, kwa hiyo wali wa nazi wengi huweza kuula. Embe limenye, lipondwe na kuchujwa. Maharagwe na mbaazi ziloweke, zipike mpaka zilainike kabisa, na uanze na vijiko vichache. Nyanya imenywe na kutolewa mbegu. Karanga zilizosagwa laini kabisa ni salama kuliko karanga nzima.

Mama alikuwa amejifunza haya yote, lakini mwezi wa tano akaenda matangani kwa ndugu, na kwa heshima akala hindi zima la kuchoma. Usiku tumbo likamkata, stoma ikavimba, mfuko ukabaki mtupu, akaanza kutapika. Hizo ndizo dalili za kuziba, zikumbukeni: maumivu ya kukata, tumbo kujaa, stoma kuvimba, na choo kusimama au kutoka maji matupu. Ukiona hivyo, acha chakula kigumu. Usinywe kamwe dawa ya kuharisha. Ukianza kutapika, au choo kikisimama kwa muda wa saa nne hadi sita huku tumbo likiuma, usingoje kuche, nenda hospitali. Stoma ikigeuka rangi kuwa nyeusi au samawati iliyokolea, hiyo pia ni dharura. Tulimkimbiza mama usiku ule ule, na akapona bila kupasuliwa tena.

Hatari ya pili ni kukaukiwa na maji. Watu hudhani kwamba ukipunguza kunywa, choo kitapungua. La. Unachopunguza ni maji ya mwili. Dalili zake ni kiu, kizunguzungu, misuli kukaza, uchovu, na mkojo kidogo wenye rangi nzito. Kwa mwenye ileostomi, kunywa maji matupu mengi kwa mkupuo pia si suluhisho, kwa sababu chumvi iliyopotea hairudi. Choo kikiwa kingi na chepesi, tumia ORS, zile pakiti zinazopatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa, na uichanganye na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pima kwa uangalifu. Chumvi ikizidi inadhuru. Madafu ni mazuri, lakini chumvi inayohitajika ndani yake ni kidogo, hivyo yasichukue nafasi ya ORS. Soda na juisi tamu huweza kuzidisha kuharisha.

Vyakula vinavyosaidia choo kiwe kizito ni wali, ndizi mbivu, viazi, mkate mweupe na uji mzito. Pilipili, mafuta mengi, kahawa na pombe hufanya kiwe chepesi.

Mwenye kolostomi mambo yake ni tofauti. Akishapona, wengi hurudi karibu katika chakula chao cha zamani. Shida yake mara nyingi ni kufunga choo. Yeye anahitaji mboga, matunda, maharagwe na maji ya kutosha, akiviongeza polepole. Mwenye urostomi hana vyakula vya kuziba njia; jambo lake kubwa ni kunywa maji ya kutosha, kama lita mbili kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kiwango kingine, ili kupunguza maambukizi ya mkojo.

Sasa lile ambalo watu huuliza kwa kunong'ona: gesi na harufu. Maharagwe, kabichi, vitunguu, mayai na soda huleta gesi. Kunywa kwa mrija, kutafuna chingamu na kuongea huku unakula humeza hewa. Mayai, samaki, vitunguu na kitunguu saumu huongeza harufu. Maziwa lala huwasaidia baadhi ya watu kuipunguza. Lakini kukaa na njaa hakuondoi gesi. Tumbo tupu ndilo hunguruma zaidi. Ukiwa na safari, kula chakula ulichokizoea, mwaga mfuko kabla ya kupanda matatu, na beba mwingine wa akiba. Usingoje ujae, ukifika theluthi au nusu, umwage. Chakula cha jioni kikiliwa mapema, usingizi hautakatizwa sana. Na ukila bitiruti, usishtuke ukiona wekundu mfukoni. Lakini kama hukuila na unaona wekundu, nenda kituo cha afya.

Mambo mawili mafupi. Mwenye ileostomi amweleze mfamasia kuhusu stoma yake kila anapopewa dawa, kwa sababu vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole huweza kutoka vizima bila kufanya kazi. Na ndugu zetu Waislamu wenye ileostomi, kabla ya kufunga Ramadhani, zungumzeni na daktari. Kukaa kutwa bila maji kunaweza kuwadhuru.

Mwisho nageukia familia. Mgonjwa akisema hawezi kula githeri, msimwambie anaringa. Msimtengee sahani pembeni kama mgeni. Siku hizi nyumbani kwetu mbaazi hupikwa mpaka zinayeyuka, na sote tunazila hivyo hivyo. Mgeni akimsukumia mama hindi, sisi watoto ndio tunaolipokea, tunashukuru, na tunalila wenyewe. Hakuna anayejua, na mama haoni haya.

Wahudumu wa afya ya jamii, mkipita nyumba kwa nyumba, msiulize tu kama dawa zinamezwa. Muulizeni mwenye stoma alikula nini jana na alikunywa nini. Akinyamaza, ulizeni tena kwa upole. Sisi kwetu hatukuuliza, na nusura tumpoteze mtu.