Sufuri Tatu za Mwisho: Anwani za Kumbukumbu na Uzoaji Takataka



Simu za Android zimejaa madukani kuanzia Kilombero hadi Tengeru, mkoani Arusha, na zile za bei nafuu huja na kumbukumbu finyu. Dereva wa bodaboda anafungua ramani, anahamia WhatsApp, anarudi kwenye ramani, simu inaganda. Programu hizo huandikwa zaidi kwa Java na Kotlin, lugha ambazo hazimwachii mwandishi kazi ya kurudisha kumbukumbu aliyoiazima. Anayeirudisha ni mzoa takataka. Wazo hilo alilichapisha John McCarthy mwaka 1960 alipoieleza lugha ya Lisp: anza na vitu ambavyo programu imevishika, fuata kila kielekezi, yaani anwani ya kitu kingine, tia alama kila unachokifikia. Kisichofikika ni takataka.

Maelezo ni mepesi mpaka mtu aulize: mzoaji anajuaje kwamba namba hii ni kielekezi? Chukua 40,960. Huenda ni anwani ya kitu fulani, huenda ni salio la mteja kwa shilingi. Biti zake ni zilezile.

Jibu linaanzia kwenye mpangilio wa anwani. Katika mashine za biti 64, kwa kawaida vitu huwekwa kwenye anwani zinazogawanyika kwa nane. Ni kana kwamba kazi ya kuzipa nyumba anwani za makazi nchini Tanzania mwaka 2022 ingetoa namba 8, 16, 24 na kuendelea hivyo tu: karani wa sensa akipewa namba 43 angejua hapana mlango wa kubisha hodi. Namba inayogawanyika kwa nane, ikiandikwa kwa biti, huishia na sufuri tatu. Kwa kuwa zinajulikana tangu mwanzo, nafasi zake zinaweza kupewa kazi nyingine.

Lugha ya OCaml inazitumia vizuri mno. Kila namba kamili huzidishwa kwa mbili na kuongezwa moja kabla ya kuhifadhiwa. Salio letu linakuwa 81,921, yaani witiri, na anwani siku zote ni shufwa. Mzoaji anatazama biti moja, anapita. Gharama yake ni kwamba namba kamili inabaki na biti 63, na sijaona wengi wakilalamika.

Java imefaidi kwa namna nyingine. Kama sufuri tatu zipo daima, za nini kuzihifadhi? HotSpot, mashine pepe inayoendesha programu za Java, huweka anwani kwa biti 32, kisha huzisogeza nafasi tatu inapozitumia. Biti ambazo zingefikia gigabaiti 4 zinafikia 32. Ni kweli kitu cha baiti 13 hutengewa 16, na wapo wanaoziita baiti tatu hizo hasara. Nadhani hao wanasoma upande mmoja tu wa daftari.

Lugha ya C haina alama yoyote ya kumsaidia mzoaji. Hans Boehm na Mark Weiser walichapisha mwaka 1988 njia ya tahadhari: namba inayofanana na anwani ihesabiwe kuwa anwani. Salio la 40,960 basi laweza kukizuia kitu kilichokwisha kazi kisizolewe, jambo linalovumilika. Lakini mzoaji huyu anategemea mpangilio wa pili: vielekezi vyenyewe viwe vimehifadhiwa kwenye nafasi zinazogawanyika kwa nane. Bila hivyo angelazimika kuanza kusoma upya kwenye kila baiti, majaribio mara nane.

Sasa mfikirieni mwanafunzi mwenye programu ya C inayotumia mzoaji huyu, anayepokea vipimo vya mvua kutoka miteremko ya Mlima Meru. Kwa kubana nafasi, anaiambia kompaila isiache pengo lolote ndani ya rekodi: baiti moja ya namba ya kifaa, halafu kielekezi cha baiti nane kinachoonyesha vipimo vilipo. Kielekezi kinaanzia nafasi ya 1. Mzoaji anasoma kuanzia 0, anasoma kuanzia 8, na mara zote mbili anaona vipande visivyo na maana. Vipimo vinavyotumika vinahesabiwa takataka, sehemu yake inapewa kitu kingine, na programu inaendelea kusoma mvua ambayo haikunyesha. Hakuna onyo linalotokea kwenye skrini. Kielekezi kikitangulia na pengo likiachwa, rekodi inakuwa ya baiti 16 badala ya 9, na mzoaji anakiona.