Paa Kwanza, Kitanda Baadaye



Jumamosi moja ya Aprili nilijikuta nimelala chali kwenye kitanda cha watu nisiowajua, nabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kitanda chenyewe kilikuwa ndani ya gari, na gari limeegeshwa nyuma ya ghala la nafaka kusini mwa Indiana. Chini yangu, kwenye usukani, mume wangu alikuwa amewasha injini anaisikiliza, kichwa kakilaza upande kama daktari anayepima kifua cha mtoto.

Injini ilikuwa nzima. Ukuta ukabonyea.

Tulikuwa tunatafuta motohomu, yaani gari ambalo ni nyumba: kitanda, jiko, friji, choo na bafu, vyote nyuma ya dereva. Mume wangu anaendesha malori hapa Marekani mwaka wa 11 sasa. Nchi hii ameiona yote, lakini ameiona kupitia kioo cha lori, mzigo unasubiriwa na simu inalia. Mimi naijua Louisville tunakoishi, na njia ya kwenda kazini. Watoto wameshajitegemea. Tukasema, basi, na sisi tutembee.

Sasa, sisi tuliokulia Afrika Mashariki gari lililotumika tunalijua. Tumelelewa na magari kutoka Japani. Tunauliza kilomita, tunafungua boneti, tunachomoa kijiti cha oili, tunaangalia rangi ya moshi. Ni elimu nzuri, nami siibezi. Lakini kwa motohomu, elimu hiyo inaweza kukuponza.

Motohomu kama ile tuliyokuwa tunaiangalia, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, kwa kawaida hujengwa juu ya chasisi ya Ford E-450. Chasisi hiyo hiyo hubeba ambulansi na mabasi madogo, kwa hiyo fundi wake hakosekani hata mji mdogo. Taabu iko juu ya chasisi. Huko kuna nyumba ya mbao nyembamba, gundi na faibaglasi, paa lake mara nyingi limevikwa utando wa mpira. Nyumba hiyo inakimbizwa kilomita 100 kwa saa, inatikiswa kila siku ya safari. Kila palipokatwa dirisha, taa au tundu la hewa, pamezibwa kwa gundi laini ya kuzuia maji. Jua linaikausha gundi, inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Mvua haihitaji zaidi ya hapo.

Na pale juu ya dereva, panapokutana paa, ukuta wa mbele na dirisha dogo, ndipo maji yanapopenda kuingilia. Mwenye gari alikuwa ametandika shuka mpya na godoro jipya. Nilipoinua pembe ya godoro nikapata harufu ya kabati lililofungwa masika nzima. Nikabonyeza tena. Mbao ilikuwa laini kama boflo iliyochovywa kwenye chai. Nikashuka, nikamwambia mume wangu kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Baba, hii imeoza." Akanijibu, macho bado kwenye dashibodi, "Lakini mama watoto, ina maili 31,000 tu!"

Maili 31,000, kilomita zisizofika 50,000. Kwa mtu aliyezoea magari ya Japani, hiyo ni bahati ya mtende. Kwa motohomu ya mwaka 2007, maana yake ni kwamba imesimama miaka na miaka bila kuguswa. Petroli inaganda kwenye kabureta ya jenereta. Mipira inakauka. Tairi zinabaki na meno mazuri huku ubavuni zimepasukapasuka. Hapo kuna siri ndogo ambayo kila mnunuzi aijue: ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. Ukisoma 1417, tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Kagua tairi zote sita, usiamini ya kwanza.

Muuzaji, mzee wa watu, hakuwa tapeli. Nadhani yeye mwenyewe hakuwahi kulala kule juu. Ndiyo hatari yenyewe: hata muuzaji mwaminifu anaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia, kwa sababu naye hajalifungua gunia. Na unaponunua kwa mtu binafsi, mara nyingi unanunua gari lilivyo. Ukishatia sahihi, kasoro ni zako.

Tuliondoka. Mume wangu hakusema neno hadi tulipovuka mto Ohio.

Hoja yangu leo ni hii. Mnaponunua motohomu mnanunua nyumba iliyopewa magurudumu, basi ikagueni kama nyumba, na muanzie paani. Sofa na mapazia vingoje. Simama kwenye kona ya nje, weka shavu karibu na ukuta, tazama urefu wake wote dhidi ya mwanga. Ukiona vivimbe, ujue maji yameshaachanisha tabaka za ukuta, na hiyo si kazi ya kupaka rangi. Jaza tangi la maji safi, washa pampu, kisha funga mabomba yote. Pampu inyamaze. Ikinguruma tena yenyewe, maji yanapotea mahali. Mwombe muuzaji awashe friji tangu jana yake, kwa umeme na kwa gesi, maana friji nyingi za namna hii huchukua saa nyingi kupoa. Washa jenereta, uibebeshe kiyoyozi, uone kama itastahimili. Halafu mlipe mkaguzi. Wapo wenye mafunzo, wana hata chama chao cha kitaifa, NRVIA. Sisi tulilipa dola 650 kukagua gari la pili, na roho iliniuma kuzitoa.

Wala hakuna haja ya haraka. Wakati wa korona, watu walioogopa kupanda ndege walikimbilia magari haya. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka sokoni motohomu na matela ya kuishi zaidi ya 600,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Miaka miwili baadaye idadi ilikuwa imeshuka hadi kama nusu yake. Baadhi ya waliojinunulia wakati ule wamechoka, wanauza. Likikupita moja, jingine linakuja.

Jambo la mwisho ni la wanandoa. Kabla ya kununua, tulikodi moja kwa siku nne. Siku ya pili mvua ilinyesha, na tukagundua kwamba watu wawili hawawezi kupishana kati ya jiko na choo bila mmoja kukaa. Nyumbani mkikasirikiana kuna chumba cha pili. Mle ndani mtu akinuna, ananuna hatua tatu kutoka kwako. Tukagawana kazi: mimi juu na ndani, yeye chini na nje. Na hapo udereva wake wa malori ukafaa kweli. Madereva wa malori wanalijua lile daraja la reli la Durham, North Carolina, lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8 hadi lilipoinuliwa mwaka 2019, likichuna mapaa ya magari kama kopo la samaki. Siku ya kwanza baada ya kununua, alipima gari letu hadi juu ya kiyoyozi, akaandika kwa kalamu nene: futi 11, inchi 2. Karatasi ameibandika mbele ya usukani.

Naam, gari letu. Lina maili 74,000. Zulia limefifia, na kabati moja linajifungua tukikata kona. Lakini mwenye nalo wa zamani alitukabidhi bahasha nene ya risiti, na nyingi ni za gundi ya paa, mwaka baada ya mwaka.

Utotoni kwetu Tanga, mvua ikipiga bati usiku ilikuwa ruhusa ya kulala fofofo. Sasa mvua ikianza, mimi na mume wangu tunaamka wote wawili. Hatuongei. Tunapapasa ukuta gizani, kila mmoja upande wake, hadi mmoja aseme, "Pakavu." Ndipo tunalala.