Mshahara wa Chini na Mipaka ya Mabaraza Yaliyovunjwa



Mfuko wa saruji una kilo 50 Kitale, na una kilo 50 hapa Kiminini. Kijana anayeupakua kutoka kwenye lori mjini Kitale, kwa viwango vilivyoanza Novemba 1, 2024, aliwekewa kima cha chini cha takriban shilingi 14,867 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba kando. Mwenzake wa Kiminini, mwendo mfupi wa matatu kwenye barabara iyo hiyo ya Webuye, aliwekewa takriban 8,596. Unga wananunua kwa bei moja.

Pengo hilo la zaidi ya shilingi 6,000 linatokana na jinsi amri ya serikali ya mishahara inavyoigawa Kenya: majiji, kisha zilizokuwa manispaa na miji michache iliyotajwa, halafu maeneo mengine yote. Kitale, Bungoma na Webuye zilikuwa na mabaraza ya manispaa, Kiminini haikuwa nalo. Ugatuzi uliyavunja mabaraza hayo mwaka 2013, lakini mpaka leo ndiyo yanayoamua nani apate nini. Huo si uzembe mdogo wa uandishi; ni chakula cha watoto.

Kwa viwango hivyohivyo, kibarua wa shamba aliwekwa chini zaidi, takriban shilingi 7,997. Hata kima hicho kinamfikia kwa nadra, kwa sababu amri inahesabu mwezi au siku ilhali kazi ya mahindi haihesabiwi hivyo. Anayepalilia hulipwa kwa mistari aliyomaliza, anayepukuchua kwa gunia, jioni, pesa mkononi, bila karatasi yoyote. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inakataza kima cha chini kupunguzwa hata kwa mapatano. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 37, inamtoa kwenye ukibarua mtu aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima. Maneno mazuri, lakini atathibitishaje kwamba alikuwa shambani?

Wapo wanaotaka kima cha chini kifutwe kabisa, wakitaja bei ya mbolea na ya mahindi. Shida ya mkulima naijua, ila sikubaliani nao. Mlinzi au mhudumu wa hoteli mwenye hati ya malipo akienda kortini kudai alichopunjwa, hesabu hupigwa kwa amri hiyohiyo. Penye maandishi, sheria hii ingali na meno.

Kwa hiyo napendekeza fungu la zilizokuwa manispaa liondolewe, na mji wowote wa soko kama huu wetu upimwe kwa gharama ya maisha ya leo. Kwa mashamba, Baraza la Mishahara ya Kilimo lipendekeze bei ya chini ya gunia na ya mstari. Na mwenye shamba alipe kwa M-Pesa: ujumbe ule una tarehe, jina na kiasi, na kibarua anaweza kuuonyesha kwa afisa wa leba.