Vole ya mbao mbichi haifungi

Bamama, babaa, na ninyi wafadhili wetu: vole ya dirisha isipofunga usiku, hakuna anayelala. Nakiri, tulinunua kalitusi mbichi sababu mradi ulikuwa unaisha. Jua na mvua za hapa Kituku zikaipinda. Mama mmoja anafunga yake kwa kamba mpaka leo.

Libuyu ya msituni ni nzuri zaidi, lakini bei yake kali. Kalitusi nayo inafaa, ikiwa kavu. Ipangeni kivulini, vijiti katikati ya mbao, miezi mitatu. Toboeni kabla ya kugonga misumari, isipasuke. Pakeni mafuta, zaidi kwenye miisho ya ubao, ndipo maji huingilia.

Wafadhili, tunaomba: pesa ya mbao itangulie. Mti haujui tarehe ya ripoti.